Sauti ya Mzimu Mpishi

Vijana wa kundi letu la watafsiri wa filamu, mmeniomba niandike kazi yangu tangu mwanzo kabla kichwa hakijaanza kupoteza vitu. Mmeomba kwa adabu. Mmoja wenu, ambaye simtaji, aliongeza swali lisilo na adabu sana: kwa nini Mzee Zeki alistaafu akaiacha filamu ya mzimu nusu, wakati watu wameisubiri mpaka wamechoka? Tena akaniambia kwamba siku hizi kuna programu inayoiga sauti ya mtu yeyote, hata aliyekufa, kwa hiyo nimpe faili za marehemu Christophe aimalizie.

Nitajibu, ila kwa mpangilio wangu. Jibu linamhusu mjane mmoja aliyeamini kwamba alimuua mume wake kwa maneno ya mdomo wake, na linanihusu mimi niliyekuwa na uwezo wa kumtoa kwenye imani hiyo nikakaa kimya mwaka mzima. Wanaotaka kujua tu kipaza sauti gani ni kizuri wasome kurasa za mwanzo kisha waende zao.

Nilianza kwenye kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma. Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania. Kirundi ninacho cha nyumbani, lakini Kiswahili ndicho nilichosomea, na ndicho nilichotumia kugombana na kuoa. Kambini kulikuwa na kibanda cha video, mabenchi ya mbao, turubai juu, jenereta nje. Mwenye kibanda alikuwa Bwana Salumu, mwenyeji wa Kasulu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akawa kila mtu aliye ndani ya filamu, polisi na jambazi, bibi harusi na baba mkwe.

Siku yangu ya kwanza haikupangwa. Salumu aliamka hana sauti, watu wameshaingia, filamu ni ya Kihindi. Akanipa kipaza sauti. Nikamwambia Kihindi sijui. Akaninong'oneza, "Kwani mimi najua? Angalia nani analia na nani amemliza. Mengine yatakuja." Nikaanza. Kufika katikati nikagundua kwamba mwanamke niliyemfanya mke wa shujaa alikuwa mama yake. Nilitokwa na jasho. Nikasema kwa sauti ya yule mwanamke, "Mwanangu, sasa naweza kukuambia siri, nilijifanya mke wako ili maadui wasinijue." Watu waliguna. Walipotoka nilisikia mmoja akisema filamu ya leo ilikuwa nzito.

Salumu alinifundisha mengi ambayo bado nayatumia. Mhusika akiwa anakula, nyamaza, waache watu watamani. Usimtafsirie mtu anayelia, kilio kila mtu anakielewa. Na la muhimu kuliko yote, salamu. Ninyi mmezikuta salamu zipo tu, mnadhani ni utani wa mtandaoni. Sisi tulizitumia kufanya filamu iwe ya watu wetu. Jambazi anapanda pikipiki kwenda kulipiza kisasi, anageuka anasema, "Ninakwenda kuua, lakini kabla sijafika namsalimu Mama Jeni muuza maandazi na watoto wake wote." Mama Jeni akisikia hivyo, wiki nzima anatembea ameinua kichwa. Watu walikuja kwenye kibanda si kuona India, walikuja kusikia majina yao.

Baadaye jina langu likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa Marekani, tukaletwa Louisville mimi na mke wangu na binti yetu. Tulipewa nyumba kwenye magorofa ya Newburg, wakati wa baridi, na kwa miezi sita nilipakia vifurushi bila kusema na mtu zaidi ya maneno kumi kwa siku. Nilihisi ninakuwa bubu. Ndipo nilipoanza kutafsiri tena, kabatini. Kabati la nguo la nyumba za hapa ni chumba kamili. Makoti ya familia nzima yakiwa yamening'inia yanameza mwangwi vizuri kuliko sponji mnazonunua. Nilikuwa na kompyuta iliyotumika, kipaza sauti cha waya, na blanketi moja la kujifunika kichwa. Msicheke. Hamna blanketi, hamna sauti.

Mara moja polisi waligonga. Jirani alisikia mwanamume akipiga kelele ndani ya ukuta kwamba atamkata mtu vipande. Mke wangu alifungua mlango, mimi nikatoka kabatini na blanketi kichwani, jambo ambalo silishauri. Niliwaonyesha filamu. Mmoja alicheka, mwingine hakucheka hata kidogo na aliendelea kukagua bafu.

Kuhusu ruhusa za wenye filamu, tusidanganyane, hatukuomba. Kuhusu kanisa, mchungaji wetu wa Newburg alizikataza filamu zenye mapepo. Alisema tumetoka kwenye damu na misitu, hatuwezi kuipa televisheni nafasi ya kutuitia mizimu sebuleni. Niliona ana haki yake. Kwa hiyo miaka yote ya Louisville sikugusa mzimu hata mmoja.

Tulihamia Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus, kumfuata binti yetu aliyeolewa huko. Nikapata kazi kwenye ghala la viatu. Huko ndiko nilikomkuta Christophe.

Christophe, Papa Riziki, alikuwa Mkongomani wa Uvira. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka arobaini na kitu, na alisukuma mizigo huku akimwigiza msimamizi wetu hata msimamizi mwenyewe akageuka kuona nani amemwita. Wakati wa mapumziko alikuja kukaa mbele yangu na bakuli lake la fufu.

"Vieux, bon, batu bananiambia weye njo unasemaka ndani ya film," akasema, akiniita mzee kwa Kifaransa chake. "Nilisikia moja. Sauti yako iko ya askofu. Sasa bandit utamufanya namna gani na sauti ya askofu?"

Nilikasirika, kisha nikamwalika kabatini. Tangu siku hiyo tulifanya kazi wawili. Mimi nilichukua wazee, maaskari, wapenzi na wanawake, ambao niliwaigiza vibaya mpaka mwisho wa kazi yangu. Yeye alichukua wachekeshaji wote, na aliwafanya kwa Kiswahili chake cha Kivu, hakubadilisha hata neno. Wakongomani wa Columbus nzima walianza kutuulizia. Mke wake, Mama Riziki, alikuja mara chache kutuletea sambusa na kutuambia kwamba sisi ni watoto. Alimpenda sana, na walikuwa wanagombana kwa sauti, kama watu wasioogopana.

Filamu yenyewe ya mzimu niliipata kwenye duka la vyakula vya Kihindi. Mwenye duka, mama wa makamo kutoka Kerala, Mkristo kama sisi, alinisikia nikiiita filamu ya Kihindi akanisahihisha kwa ukali kwamba ile ni ya Kimalayalam, na kwamba nikikosea tena ataniuzia mchele wenye mawe. Baada ya hapo akawa mwalimu wangu. Maandishi ya Kiingereza ya chini yalikuwa mabovu. Nilipokwama nilikwenda kumuuliza, naye alinieleza huku anapima pilipili kavu.

Hadithi ni hii. Mpishi wa harusi amekufa, lakini hakuondoka. Amebaki jikoni kwenye nyumba yake ya zamani. Nyumba inanunuliwa na maharusi wapya, na bibi harusi hajui kupika hata chai. Yeye peke yake ndiye anayemwona mzimu. Mzimu haumtishi mtu. Unasimama nyuma yake, unashika kichwa, unalalamika kuhusu chumvi. Mama mkwe akija kula anasifu, bibi harusi anapata heshima, mzimu unafurahi mpaka masufuria yanacheza. Mwishoni bibi harusi anapika peke yake, mzimu unaonja, haukosoi kitu, na unapotea pamoja na mvuke.

Nilicheka peke yangu dukani, kisha nikaogopa. Kwa watu wetu neno mzimu halichekeshi. Nusu ya wateja wangefunga televisheni na kuanza kukemea. Christophe ndiye aliyetatua.

"Tusimuite muzimu," alisema. "Tumuite Marehemu. Marehemu kila mutu anaheshimuaka. Marehemu haogopeshi, ni mutu tu mwenye alitangulia."

Tukamwita Marehemu. Ilifanya kazi vizuri mno. Christophe alikuwa hasomi tena maandishi, alikuwa anaishi ndani ya yule mpishi. "Ee mama, chumvi! Chumvi iko wapi? Unanipikia ya hospitali? Mi nilikufa, lakini ulimi yangu haikukufa!" Ilikuwa kazi bora ambayo kabati langu limewahi kusikia, na nilijua hivyo tangu Jumamosi ya kwanza. Nasema hili kwa sababu ndilo lililoniharibu.

Sasa niwaeleze jambo la ufundi. Mkirekodi, sauti inakuja kwenye skrini kama mistari inayopanda na kushuka. Kikohozi kinaonekana kama mwiba. Pumzi ya kawaida ni kivimbe kidogo kati ya maneno, mnaiacha, kwa sababu bila pumzi mtu anasikika kama mashine. Lakini pumzi ikiwa ndefu, yenye mlio, inavunja utani, na mnaikata. Mnashika mwanzo, mnashika mwisho, mnafuta, mnaunganisha. Msikilizaji hajui kitu.

Jumamosi ya kwanza nilikata pumzi mbili au tatu. Jumamosi ya tatu nilikata katika kila sentensi. Jumamosi ya tano Christophe alikuwa anasema maneno manne, anasimama, anavuta hewa kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta, anasema maneno matatu. Mimi nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikioni, kelele zote zimezibwa. Hakuna mtu duniani aliyeisikia pumzi ya yule mtu karibu kama mimi, hata mke wake. Niliunganisha maneno manne na matatu na matano yakawa sentensi moja ndefu, nyepesi, ya mtu mwenye afya. Nilijivunia sana mshono ule.

Nilimuuliza, msifikiri sikumuuliza. Akaniambia amekwenda kliniki, wamesikia moyo haupigi sawasawa, wanataka vipimo zaidi, wamemwambia apumzike. Lakini kule ghalani kukosa siku ni pointi, na pointi zikijaa unafukuzwa.

"Usimuambie mama," alisema. "Akijua atanikataza kazi, halafu batoto banakula nini? Tumalize film kwanza. Kisha nitaenda."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu aliniomba kama rafiki, na kwa sababu nami nilitaka filamu iishe. Sitaandika sababu moja nikaacha nyingine.

Baada ya Jumamosi ya saba tulikuwa tumemaliza nusu. Nikakata kipande cha dakika kumi, kizuri, kilichosafishwa, nikakituma kwenye simu ya Mama Riziki ili naye acheke. Ilikuwa Jumapili. Alinijibu kwa picha za vicheko kumi na mbili.

Jumanne Christophe alianguka ghalani kabla ya mapumziko ya kwanza. Nilikuwa njia ya nne ya rafu, yeye ya kumi na moja. Nilipofika walikuwa wamemzunguka, msimamizi amepiga magoti anamkandamiza kifua. Viatu vilikuwa vimemwagika sakafuni pande zote, na mtu mmoja alikuwa anaviokota na kuvirudisha kwenye maboksi, sijui kwa nini. Kabla ya saa sita mchana tuliambiwa amefariki.

Msiba uliwekwa nyumbani kwao. Nilikuwa nimesimama jikoni na wanaume wengine niliposikia Mama Riziki akianza kusema sebuleni, hakuwa analia, alikuwa anasema tu, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Jumanne asubuhi aliniambia, 'Mama Riziki, sina pumzi.' Mi nikamujibu, 'Kwa film unapataka pumzi ya kupiga kelele, kwa kazi njo unakosaka? Unajifanyaka tu. Nenda, na kama ni kufa ukufe.' Nilisema vile. Akavala viatu, akaenda. Alikuwa muzima! Mudomo yangu njo ilimuua."

Wanawake wakamwambia anyamaze, asiseme hivyo. Akatoa simu. Akacheza kile kipande changu, mbele ya waombolezaji wote. Sauti ya Christophe ikajaa sebule, inacheka, inalalamika chumvi, sentensi ndefu bila kusimama.

"Musikilize," alisema. "Mutu mugonjwa anasemaka hivi?"

Daktari aliandika kwamba ni moyo, tena wa siku nyingi, lakini karatasi ya daktari ilikuwa ya Kiingereza na sauti ya mume wake ilikuwa mkononi mwake, aliamini sauti. Kwetu neno la hasira la mwisho si kitu cha kusahauliwa. Watu walimhurumia, lakini niliona baadhi yao wakitazamana, na niliona kwamba wameamini.

Ningeweza kutembea hatua sita kutoka jikoni mpaka sebuleni nikasema, mama, sauti hiyo niliishona mimi. Sikutembea. Nilijiambia siyo mahali pake, mbele ya watu wote, nitamwambia faragha. Kisha mazishi yakapita, faragha ikapatikana, mara mbili, mara tatu, nami nikazungumza habari za bima na gari. Niliona aibu, na aibu ikikaa siku arobaini inakuwa tabia.

Alihama Columbus na watoto, akaenda kwa dada yake Cheektowaga, karibu na Buffalo, nyumba ya mbao nyuma ya maghala. Kadiri miezi ilivyopita habari zilizidi kuwa mbaya. Aliacha kazi ya kutunza wazee; alisema hawezi kuwagusa, watakufa. Aliacha kuwasemesha watoto kwa kuogopa mdomo wake. Watoto walimsemesha Kiingereza, yeye akatikisa kichwa au akaandika kwenye karatasi. Dada yake alinipigia simu.

"Papa Zeki, huyu anatukufia hapa," alisema. "Analalaka kitanda na simu kwa sikio. Anasikilizaka ile film kutwa nzima. Munisaidie. Ile ingine yenye ilibaki, marehemu alisemaka kitu juu ya bibi yake? Salamu hata moja?"

Mama Riziki alikuwa anangoja salamu. Kila filamu Christophe aliweka salamu kwa mke wake, alijua hivyo, na katika ile nusu hakukuwa na yake. Aliamini ipo mbele.

Haikuwepo. Mbele hakukuwa na kitu, tulikuwa hatujarekodi. Nikaingia kabatini nikaitengeneza. Ninyi mnabonyeza, mimi niliiga kwa koo, wiki mbili, mpaka nikawa natema damu kidogo. Nilikuwa nimemsikia kwa karibu mno, nilijua anavyopandisha neno la mwisho na anavyokula herufi. Nikamaliza nusu nzima ya pili kwa sauti ya mtu aliyekufa. Na pale bibi harusi anapopika peke yake, kabla Marehemu hajapotea, nikamfanya ageuke na kusema, "Mama Riziki, salamu. Hakuna kitu kibaya ulinifanyia, mi nilienda sababu saa yangu ilifika. Semesha batoto." Niliposikiliza nilisisimka. Nilifikiri nimepata njia ya kumponya bila kujitaja.

Nikaendesha gari kutoka Columbus, nikapita Cleveland, nikapita Erie, ziwa likiwa upande wa kushoto limeganda ukingoni. Nilifika mchana. Binti yake Riziki alinifungulia akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama yuko ndani, kisha akarudi chumbani. Mama Riziki alikuwa amekonda mpaka kitenge kimemzunguka mara mbili. Hakusema. Alinionyesha kiti.

Tukaangalia filamu wote wawili kwenye kompyuta yangu, mezani, saa moja na nusu. Hakucheka mahali popote. Salamu ilipofika aliinua mkono nisimamishe. Akairudisha mwenyewe kwa kidole. Akasikiliza mara tatu. Nilingoja alie.

Akafungua mdomo, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika.

"Alisema hii siku gani?"

"Jumamosi ya mwisho, mama," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe, sikuuita.

"Jumamosi. Na Jumanne akakufa." Alitazama skrini. "Sikiliza vile anasema. Maneno yote ile kwa mara moja, hata hapumuzike. Alikuwa na nguvu, Papa Zeki. Jumamosi alikuwa muzima kabisa. Donc njo vile nilijua. Ni mi nilimumaliza."

Nilikuwa nimeendesha saa sita kumletea ushahidi mwingine dhidi yake. Niliuona uso wake ukijifunga, na nikajua kwamba nikipanda gari sasa sitamkuta tena hai.

"Mama Riziki," nikasema, "huyo siye. Huyo ni mimi."

Nikafungua faili nyingine. Mnajua kwamba fundi hatupi rekodi ghafi. Zilikuwepo zote, Jumamosi saba, hazijakatwa. Nikaweka ya saba, ile ile aliyoicheza msibani, kabla sijaigusa. Christophe akasema maneno matatu. Akasimama. Ule mlio. Akasema mawili. Akakohoa, akacheka kikohozi chake, akasema, "Vieux, ngoja," na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila hewa ikitafutwa na kukosekana. Kisha, "Chumvi... iko... wapi?" Na sauti yangu mwenyewe nyuma ikisema, vizuri, tutaikata hiyo, endelea.

Mama Riziki alisimama. Alisikiliza yote amesimama, dakika arobaini, ameshika mgongo wa kiti. Sikuthubutu kuzima. Ilipoisha aliuliza bila kunitazama.

"Ulimusikia hivi wiki ngapi?"

"Saba."

"Na aliendaka kwa munganga?"

"Alienda. Moyo. Alinikataza nisikuambie."

"Na mi ukanitumia ile ingine."

"Ndiyo, mama. Niliikata pumzi. Ulisikia mtu mzima kwa sababu mimi nilimfanya mzima. Alipokuambia hana pumzi, ulikuwa na haki ya kutomwamini."

Alikaa. Sasa ndipo alipolia, na sikumtafutia neno. Chumbani Riziki alifungua mlango akachungulia, na mama yake akamwita, "Riziki, kuya." Mtoto alisimama hapo kwanza, kwa sababu hakuwa amesikia jina lake kwa mdomo ule muda mrefu. Kisha akaja akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Nilitazama meza.

Baadaye alinitaka nihamishe zile Jumamosi saba kwenye simu yake, zote, na nifute kwangu mbele ya macho yake. Nikafuta. Nusu niliyoiiga nayo akaniambia niifute, nikafuta. Kwa hiyo kijana wangu, hizo faili unazoziomba sinazo, na ningekuwa nazo usingezipata.

Nilipovaa koti alinifuata mpaka mlangoni. Nilidhani ataniambia amenisamehe, kwa sababu watu wetu hulisema hilo upesi, na nilikuwa nimejiandaa kusema asante.

"Mi niliibeba hii lawama mwaka nzima," alisema. "Nimechoka. Sasa ibebe weye."

"Nipe, mama," nikasema.

Akanifungulia mlango.